Niangalizie shamba

Mwanzoni mwa Juni 2024 Mwalimu alinikuta ofisini, Mtama, mkoani Lindi, nikijaza orodha ya mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho. Nikasimama kumwamkia. "Marahaba," akajibu, lakini hakuketi. "Bwana shamba, ukipata nafasi twende ukauone msitu wangu."

Alisema msitu. Nikajua ameshakwenda peke yake na amesharudi.

Kisa cha wazee hawa wawili kimesimuliwa sana huku kwetu, na karibu kila anayekisimulia anakimalizia palepale: walistaafu, wakapata hela, wakaenda kuzurura mwaka mzima mpaka Ulaya, wakarudi wakakuta shamba limekufa. Ukisikiliza vijiweni unaweza kudhani mkorosho hautoi ua mpaka umwone mwenyewe amekaa chini yake. Mimi nilikaa kwenye kikao cha familia, nikalipita shamba mti kwa mti, nikaonyeshwa risiti na ujumbe wa simu. Wenyewe wameniruhusu niandike, mradi nisitaje jina la mtu. Naandika kwa sababu naona safari imesingiziwa.

Mume, Mwalimu, alistaafu mwaka 2020 baada ya kufundisha shule za msingi Kigoma, Bukoba, na hatimaye huku kwao. Mke, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa muuguzi, akastaafu Januari 2023. Muda huo uliopita kati ya kustaafu kwao una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mwalimu alitoka wakati waliokuwa kwenye mifuko ya zamani ya watumishi wa umma walikuwa wakipewa nusu ya mafao kwa mkupuo. Mama alitoka baada ya kikokotoo kipya cha mafao cha Julai 2022, mkupuo ukiwa asilimia 33, na inayobaki ikaja kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Hela ya Mwalimu ilishaishia kwenye nyumba: bati, sakafu, kisima. Ya Mama ndiyo ikabatizwa jina la "hela ya Ulaya". Watu walipiga hesabu ya Mama kwa kipimo cha Mwalimu, wakaona mamilioni ambayo hayakuwahi kuingia benki.

Watoto ni watatu. Binti wa kwanza anaishi Berlin. Wa pili, kijana, ana duka Mtwara mjini. Wa mwisho yuko Mbagala, Dar es Salaam. Kisha yupo mpwa, mtoto wa dada yake Mwalimu, aliyelelewa mle mle ndani na ambaye bado anaishi nyumba ya uani. Asiye mtu wa Kusini anaweza kumpita mpwa huyu haraka, akamwona msaidizi tu. Sisi Wamwera, kama Wamakonde na Wayao, ukoo tunauhesabu upande wa mama. Mtoto wa dada yako ni wa ukoo wako; mwanao wa kumzaa ni wa ukoo wa mkeo. Siku hizi watu wanawarithisha watoto wao, na wengi hawataki hata kusikia habari za mjomba. Lakini lile la zamani halijafa. Limelala, na ukilikanyaga linaamka.

Shamba ni ekari 6, mikorosho 160, mingi imepandwa na marehemu baba yake Mwalimu. Mwaka mzuri linatoa kama kilo 1,900. Kwa huku si utajiri, lakini ni ada, ni bati, ni harusi.

Safari ilikuwa ya Mama zaidi. Mwalimu angeridhika na kufika Kilwa. Mama alitaka kurudi kwenye vituo walivyofanyia kazi wakiwa vijana, aone kama kuna anayewakumbuka. Waliondoka Mei 2023. Wakapanda treni Dar es Salaam hadi Kigoma, kwa reli ile ya zamani, Mama akiwa na kapu la viazi vya kuchemsha kana kwamba Tabora hawauzi chakula. Wakaikuta nyumba ya mwalimu aliyozaliwa binti yao; sasa ni stoo ya madawati mabovu. Wakazunguka hadi Mwanza, wakachukua meli ya usiku kwenda Bukoba. Sokoni Bukoba mwanamume mmoja mwenye mvi alimshika Mwalimu mkono akaanza kuimba jedwali la saba, la nane, la tisa, watu wanatazama. Mwalimu alinisimulia hilo mara tatu. Sikumkatiza hata mara moja.

Berlin walikwenda Septemba. Tiketi alilipa binti. Wao walilipa pasipoti, shilingi 150,000 kila mmoja, na viza, yuro 80 kila mmoja. Naandika viwango hivyo kwa sababu kwenye kikao vilitajwa vya ajabu.

Mwalimu alikuwa na jambo lake Berlin. Miaka yote amefundisha watoto habari za mjusi wa Tendaguru, yule dainosaria mkubwa aliye kwenye makumbusho ya Berlin, bila kumwona. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 kwenye kilima kilicho kaskazini-magharibi ya Lindi, mifupa ikafungwa na kubebwa na wapagazi mwendo wa siku kama nne hadi bandarini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake hata hapa Lindi ukiliuliza mtaani wengi watakutazama tu. Babu yake Mwalimu, mzaa mama, alikuwa akisema alibeba "jiwe la Mzungu" mpaka bega likatoka kidonda. Basi Mwalimu akasimama chini ya lile jiwe la babu, sasa limeunganishwa na mengine, kimo mita 13.27, shingo imepanda kuelekea paa la kioo. Nikamuuliza alijisikiaje. Akasema alitamani kuligonga kwa kidole, kama mtu anavyogonga fenesi kujua kama limeiva, lakini mlinzi alikuwa karibu.

"Mimi nilitazama huo mguu," Mama akadakia, "nikasema huu hakuubeba mtu mmoja."

Walirudi Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba, na kuanzia hapo si safari tena, ingawa watu wanaihesabu. Mkwe wao wa Mbagala alijifungua, Mama akabaki kulea mzazi. Mwalimu akatolewa mtoto wa jicho. Siku zikasogea hadi mwaka mpya, kisha masika. Walipopanda basi kurudi nyumbani ilikuwa mwanzo wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kikiwa baharini. Kilifika Mafia tarehe 4, mvua ikaikata barabara ya Kusini Somanga na sehemu nyingine za Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Walilala ndani ya basi, wakala samaki wa kukaanga wa Somanga mpaka wakawachoka. Vijana waliokuwa ndani ya basi walilalamika sana. Mwalimu aliwaambia wao ni watoto wa Daraja la Mkapa; kabla ya 2003 ilikuwa pantoni ya Ndundu, na masika mtu alikuwa akiaga kwake kama anayekwenda vitani.

Walifika usiku. Mpwa aliwapokea kwa toroli, akabeba mizigo, akachemsha maji ya kuoga. Asubuhi Mama alitoka uani na mswaki mdomoni, akasimama. Juu ya jiko, katikati ya bati zilizopauka, kulikuwa na bati nne zinazong'aa.

"Nani kaezeka jiko?"

"Mimi, shangazi. Upepo ulizichukua mwezi wa tatu."

"Kwa hela gani?"

Hapo ndipo kisa kilipoanza. Mpwa akasema alichukua kwa mtu. Akichukua kwa mtu huku Kusini, mwezi wa tatu, maana yake ni moja tu. Ameuza korosho zikiwa hazijawa hata maua. Tunaita kangomba, jina la kile kipimo cha wanunuzi wa vichochoroni, na serikali imeipiga marufuku mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mpwa alipokea shilingi 600,000, naye akaahidi kilo 800 za msimu ujao. Piga hesabu: 750 kwa kilo.

Sasa turudi shambani.

Nyasi zilinifika kiunoni. Matawi ya mti na mti yalikuwa yameingiliana hata jua halishuki, na uvunguni mlikuwa na matawi makavu ambayo yalitakiwa kupogolewa zamani. Nikalivuta tawi moja la nje. Machipukizi yalikuwa yametoka, majani yale machanga ya rangi ya hudhurungi, na katikati yake shada la maua lenye urefu wa kidole gumba. Nikaligeuza. Upande wa chini kulikuwa na vumbi jeupe, kama vile limeshikwa na mtu aliyetoka kutwanga muhogo. Mwalimu, kwa jicho lake jipya, alikuwa ameshaliona kabla yangu.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe, Mwalimu. Ubwiriunga."

"Mapema hivi?"

Ubwiriunga ni kuvu. Hukamata machipukizi, maua na korosho changa. Ua lililoshikwa halifunguki, linakuwa jeusi na kupukutika, na mwenye shamba anakuja kushangaa Oktoba kwamba mti ulichanua vizuri lakini haukuzaa. Salfa huuzuia, ikianza maua yanapochomoza, ikipulizwa alfajiri umande ukiwa bado majanini na upepo haujaamka. Mti mkubwa hula robo kilo kila mzunguko, na mizunguko ni minne hadi mitano. Kwa miti 160 ni kilo 40 kwa mzunguko, kilo 200 kwa msimu, mifuko minane ya kilo 25.

Msimu wa 2023 mpwa alichukua mifuko mitano ya ruzuku kwa jina la mjomba wake, Mwalimu mwenyewe akiwa amepiga simu kumtambulisha. Uvumi ulisema aliiuza. Nilimwomba anifungulie stoo. Mfuko mmoja ulikuwa haujafunguliwa, mwingine umebaki zaidi ya nusu, salfa imeganda kwa unyevu. Ukitoa iliyobaki unapata mizunguko miwili kamili, na ndivyo alivyoniambia kabla sijauliza: alipuliza mara mbili, ya kwanza akiwa amechelewa kama wiki tatu. Mtu aliyeiba salfa haachi mfuko mzima ugande.

"Kwa nini hukuendelea?"

"Petroli, bwana shamba."

Mashine ya kupulizia haibebwi na moyo mwema. Inataka petroli, inataka oili, inataka kijana wa pili wa kupokezana. Mpwa alinunua petroli mara mbili kwa hela ya vibarua vyake. Ya tatu hakuwa nayo. Akamtumia ujumbe kaka yake wa Mtwara, mtoto wa Mwalimu, na ujumbe bado alikuwa nao kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Jibu lilikuwa: "Sawa, nitaangalia."

Nimelifikiria sana neno hilo. Siku wanaondoka, Mei 2023, pale barabarani wakisubiri basi, Mwalimu alimwambia mpwa wake, "Mjomba, niangalizie shamba." Mpwa akasema sawa, mjomba. Usiku uliotangulia Mama alimpigia mwanawe wa Mtwara: "Baba, uwe unaangalia huku nyumbani." Naye akasema sawa. Na mimi, kwa bahati mbaya, nilikutana na Mwalimu gulioni wiki hiyo hiyo, akanishika bega: "Bwana shamba, ukipita utuangalizie." Nikasema hakuna shida, Mwalimu.

Watu watatu, neno moja. Na kweli tuliangalia! Septemba 2023 nilipita na pikipiki nikaliona shamba lina nyasi. Nikajisemea mpwa yupo. Mpwa akijisemea mtoto yupo, tena ana duka. Mtoto akijisemea mpwa yuko palepale, na kwa mila za kwao hilo shamba lina wenyewe. Kila mmoja aliangalia, akamwona mwenzake, akaridhika.

Sijasema kwamba mpwa hana kosa. Alikaa mwezi mzima bila kumpigia mjomba wake simu na kumwambia dawa imesimama. Nilimuuliza. Akasema mjomba alikuwa Ulaya, angempigiaje mtu wa Ulaya kumwomba petroli ya elfu 30? Aibu ya namna hiyo naijua, nimekua nayo. Haikuwa sababu ya kutosha, lakini sikuweza kuiita uongo.

Mavuno ya 2023/24: kilo 540 ziliingia chama cha msingi cha ushirika kwa jina la Mwalimu, na malipo yakaingia akaunti yake akiwa Mbagala. Aliuona ujumbe wa benki. Alidhani ni mkupuo wa kwanza, mengine yanakuja. Magunia mengine matatu, kama kilo 240, mpwa aliwalipa waokotaji kwa korosho zenyewe, kwa kuwa hela hakuwa nayo. Jumla kilo 780. Kijiji kizima kilikuwa kinatafuta kilo 1,100 zilizoibwa, na hazikuibwa. Hazikuzaliwa. Zilidondoka zikiwa maua meusi, Julai na Agosti, hakuna aliyeziona.

Kikao kilikaa Jumapili moja ya Julai, chini ya mwembe wa uani. Alikuwepo Mwalimu, Mama, kijana wa Mtwara, mpwa, na mama yake mpwa, dada mkubwa wa Mwalimu, ambaye alileta mkeka wake mwenyewe akakaa mbali kidogo na wengine. Nilialikwa kwa ajili ya hesabu.

Kijana wa Mtwara ndiye aliyeanza, na alianza kwa ukali. "Baba, samahani, lakini tuseme ukweli. Hela mmeila barabarani, sasa mnatafuta mchawi."

Nikaomba nisome karatasi yangu. Nauli, vyumba na chakula, Lindi hadi Kigoma, Mwanza, Bukoba na kurudi Dar es Salaam, kwa daftari la Mama ambalo limeandikwa mpaka karanga za njiani: shilingi 1,870,000. Kulitunza shamba msimu mzima, palizi mara mbili kwa 40,000 kila ekari, ni 480,000. Petroli, oili na vibarua wa kupuliza, 50,000 kila mzunguko kwa mizunguko mitano, ni 250,000. Jumla 730,000. Pengo la mavuno, kutoka kilo 1,900 hadi 540 zilizouzwa, ni kilo 1,360. Hata tukikadiria bei ndogo ya 1,700 ni shilingi 2,312,000. Shamba peke yake limepoteza kuliko ilivyogharimu safari nzima ya ndani ya nchi, na limepoteza kwa kukosa hela ambayo Mama alikuwa nayo benki muda wote, ila hakuna aliyemwambia itoke. Wangebaki nyumbani wasinunue petroli, mavuno yangekuwa yaleyale.

"Hela ya shamba ilitumwa," Mama akasema taratibu.

Akatoa miwani, akaivaa, akatafuta kwenye simu kwa muda mrefu. Sote tulikuwa kimya. Kuku walikuwa wanaparura. Kisha akasoma: Julai 2023, shilingi 200,000, jina la aliyepokea. Hakuongeza neno. Akampa wifi yake simu naye aisome.

Dada mkubwa aliisogeza mbali na macho, akaisoma, akairudisha. "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anaomba petroli kwa mtu aliyekuwa na hela ya petroli," akasema. "Na kuitwa mwizi akaitwa yeye."

Kijana aliinama. Alisema Mama hakumwambia ni ya shamba, alimwambia ni ya kuangalia nyumbani. Naye alikuwa na ada ya mtoto, akaona atairudisha. Nilimtazama Mama. Hakukataa. Ndivyo alivyomwambia.

Mimi simtetei. Lakini nikiwa mtu wa kusoma kesi za mashamba ya wastaafu, na nimeziona nyingi kuanzia Rutamba hadi Nachingwea, naona ni kosa la aina moja linalojirudia kwa watu waliosoma. Mwalimu aliyekuwa hakabidhi darasa bila kitabu cha mahudhurio, muuguzi aliyekuwa hatoki zamu bila kuandika ripoti ya wodi, wakiondoka nyumbani wanakabidhi ekari 6 kwa neno moja la heshima, kwa sababu kumwandikia mtoto wa dada karatasi kunaonekana ni kumshuku.

Likabaki deni. Laki sita zilikwenda wapi? Mpwa alikuwa nazo kichwani. Bati, misumari na fundi, 250,000. Rambirambi kwa jina la Mwalimu, alipofariki mzee wa ukoo Februari, 150,000, na waliokuwepo msibani walishuhudia jina likitajwa. Palizi ya kipande cha mbele ili watu wasiseme, 100,000. Laki moja ya mwisho alisema "ilipita tu". Hiyo ya mwisho niliiamini kuliko zote.

Kuna aliyetoa shauri kwamba mnunuzi asilipwe kitu. Kangomba ni haramu, ataishtaki wapi? Na kweli hana pa kwenda. Wengi bado wanakumbuka msimu wa 2018/19, serikali iliponunua korosho yenyewe kwa 3,300 ikapita kuhakiki mashamba, na wasio na shamba wakabaki na magunia yao. Nilipinga. Mtu huyu ni wa hapa hapa, tunazikana naye, na hela yake ndiyo iliyo juu ya jiko. Nilishauri arudishiwe hela yake mapema, kabla minada haijafunguliwa na kabla mtu yeyote hajajua bei. Mama akatoa 500,000, mpwa akaahidi laki yake baada ya mavuno, na tukaongeza 100,000 ya usumbufu.

Alikasirika alipopelekewa. Aliniambia neno ambalo ni haki niliandike: "Mwaka juzi nilinunua hivi hivi kwa mtu mwingine, nikapata maganda. Mbona siku ile hamkuniletea usumbufu?" Alichukua hela. Oktoba minada ya Kusini ilipofunguliwa, bei ikavuka 4,000 kwa kilo. Kilo 800 alizokuwa ameziweka mfukoni kwa laki sita zingekuwa zaidi ya milioni tatu. Kwa wiki kadhaa tulipokutana njiani alikuwa akiangalia upande wa pili.

Salfa ilipulizwa mizunguko minne mwaka ule, mpwa na kijana mmoja wa jirani, mimi nikishuhudia miwili. Palizi ilifanywa yote. Shamba lilitoa kilo 1,150. Nilitegemea zaidi, lakini mti uliosongwa na matawi makavu hausahau kwa msimu mmoja. Kijana wa Mtwara alirudisha laki mbili kwa mafungu manne, na fungu la mwisho alilileta mwenyewe, akalala siku mbili, akaokota korosho na binamu yake. Sikusikia walichozungumza.

Mei 2025 nikaitwa tena. Mjukuu wa pili alikuwa njiani Mbagala, na Mama alikuwa na safari, Juni hadi Agosti, wakati uleule wa maua. Nilikuta karatasi mezani barazani, Mwalimu ameiandika kwa hati yake nzuri ya ubaoni: "Mimi namkabidhi mpwa wangu aniangalizie shamba la mikorosho..."

Mama akainyoosha kalamu, akalikata neno "aniangalizie" kwa mistari miwili. Juu yake akaandika kwa herufi za muuguzi zisizosomeka: apalilie mara mbili, apulize mara tano, aokote, apeleke chama cha msingi, atapewa fungu moja katika matano. Akampa mpwa aisome. Akaisoma yote kwa sauti, kidole kikifuata mstari, akafika mwisho akarudi katikati.

"Shangazi," akasema, "petroli haimo."

Mama akaichukua karatasi.